Usishuke Tabora

Mwanangu Arlette,

Mambo ya chandarua, dawa ya tumbo na namna ya kufunga pasipoti kiunoni umeshayasikia kwa shangazi yako, na yeye anayajua kuliko mimi. Sitayarudia. Nina jambo moja la kukuambia. Tangu mchana nimejaribu kulisema kwa mdomo, lakini kila nikianza, shangazi yako anaingia na kitu kingine cha kutia kwenye mfuko wako. Basi nimefunga mlango wa chumba changu na kusema nina barua ya kuandika, na hilo angalau ni kweli.

Basi litakapofika Tabora, usishuke. Endelea hadi Dodoma, hadi mlangoni pa chuo chako. Tabora hatuna mtu. Huyo Mchungaji Yohana, aliyekuandikia kwamba kikundi chake cha ibada kitakupokea stendi kwa nyimbo, si mchungaji. Sijui kama anaitwa Yohana, wala sijui kama ni mtu mmoja au ni watu kadhaa wanaopokezana simu. Na mzee wa kwenye picha ile, aliyevaa kofia ya sufu, si baba yako mdogo Ezekieli.

Najua hapa utataka kuinuka uje kunigongea. Soma kwanza.

Kisa cha Ezekieli unakijua kwa namna tunavyokisimulia nyumbani, yaani kifupi. Tulipokimbia Burundi, mimi nilikuwa mtoto wa kutembea mwenyewe, yeye alikuwa wa kubebwa, na shangazi yako Konsolata, msichana ambaye bado hajavunja ungo, ndiye aliyembeba. Tulipokuwa tukivuka mto Malagarasi maji yalimfika kifuani. Mwanamume mmoja mrefu akamwambia, nipe huyo mtoto, wewe utaanguka naye. Akampa. Tulipofika ng'ambo, watu walikuwa wamesambaa kwenye matete, kila mmoja akiita wake, na yule mtu mrefu hatukumwona tena. Hatukuona maiti, wala hatukupata habari. Mtu wa namna hiyo hazikwi, wala harudi. Sasa unajua kwa nini ulipokuwa mdogo shangazi yako hakumruhusu mtu yeyote akubebe, hata masista wa zahanati. Ulikuwa unadhani ana kiburi.

Miaka yetu kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, kule Tanzania, sitakueleza upya, isipokuwa habari za Tarsisi. Nilipokuwa nafundisha shule ya makazi, yeye alikuwa jirani yangu, shamba kwa shamba. Mama yako alipofariki, Tarsisi alihamia kwangu na mkeka wake kwa muda wote wa kilio, akapika, akakuogesha, akawajibu wageni nilipokuwa siwezi kufungua mdomo. Tuliporudi Burundi na kukuta shamba la babu yako kule Nyanza-Lac lina nyumba ya watu wengine na migomba iliyokwisha kuzaa, tulishuka Bujumbura pamoja. Mimi nikapanga Musaga, yeye Kanyosha. Watu wa mtaa walituita Batanzania. Sokoni walicheka tunavyosema "tafadhali". Mwanamke mmoja muuza mboga za lenga-lenga alikuwa akiniona tu, anawaambia wenzake, "Mumuuzie huyu Mutanzania mbio-mbio, kabla hajaanza kutushukuru."

Chumba chetu cha sala tulikipata kwa masikio. Tarsisi na mimi tulikuwa tunapita Kanyosha Alhamisi moja, tukasikia nyuma ya ukuta wimbo wa Kiswahili kwa sauti ile ile ya kanisa la makazi. Tukasimama mlangoni kama mbuzi. Mwenye nyumba, Mama Jovita mshonaji, akatoka na kigoda kimoja, akatuambia kigoda cha pili kinavunjika, tupokezane. Ndivyo tulivyojiunga. Hakuna aliyeniuliza namba ya simu, kwa sababu sikuwa na simu, na kwa muda mrefu hakuna aliyeniuliza hata jina la pili.

Baadaye vijana walisema kikundi kisichopatikana ni kama taa chini ya kitanda. Wakatengeneza ukurasa kwenye mtandao, wakaweka picha yetu tumeinua mikono, na chini yake namba ya Tarsisi, kwa yeyote anayetaka kusali nasi. Hiyo hiyo wakaiandika kwa rangi mlangoni. Tarsisi alifurahi. Hakuwahi kuwa mtu wa kupigiwa.

Katika chumba hicho kuna desturi mbili ambazo hujawahi kuziangalia kwa makini, kwa sababu umekua ndani yake. Ya kwanza ni kwamba haja husemwa yote. Mtu haombi "mniombee nina shida". Anasema shida ni ipi, na nani, tangu lini, mahali gani, maana tunaamini sala inayokwenda bila anwani hupotea. Wasioweza kufika Alhamisi humtumia Tarsisi haja zao kwa sauti, naye anatusikilizisha. Mwezi mmoja nilikuwa na homa, nikatuma yangu. Nikaeleza mto, matete, yule mtu mrefu. Nikataja na kovu la uji wa moto kwenye goti la kushoto la Ezekieli, jambo ambalo hata wewe sikuwahi kukuambia.

Ya pili ni kwamba ushuhuda haujadiliwi. Mtu akisimama akasema Bwana amenitendea, tunapiga makofi na kuimba. Hakuna anayeuliza imekuwaje, na hakuna aliyewahi kusimama Alhamisi ya pili akasema, nilikosea, haikuwa hivyo. Ushuhuda ukitoka umetoka. Tulidhani huo ni unyenyekevu.

Ujumbe ulikuja kutoka namba ya Tarsisi. "Bwana asifiwe, Mwalimu, Mungu amejibu. Kuna kikundi cha ibada Tabora, wana mzee aliyeokotwa mtoni akiwa mtoto, ongea na kiongozi wao." Nilipaswa kusimama hapo hapo. Tarsisi haandiki. Macho yake ni mabaya, kila kitu anakituma kwa sauti, na katikati utasikia kuku wake. Lakini mtu anayeletewa anachokitaka haangalii mkono unaokileta. Nikamwandikia huyo Yohana. Akanijibu kwa salamu yetu, akanitumia mstari wa Zaburi, akaniuliza habari za afya kabla ya jambo lenyewe, kama mtu aliyelelewa vizuri. Kisha akasema mzee wao ana kovu gotini. La kushoto.

Nikalia, Arlette. Ulinikuta uani ukadhani ni moshi wa mkaa.

Majuma kadhaa baadaye, nilipokwisha kujua ukweli, nilikaa nikayasoma upya yale yote kichwani, neno kwa neno, kama nilivyokuwa nikisoma insha za wanafunzi walionakiliana. Hakuniambia hata jambo moja ambalo sikuwa nimelisema mwenyewe. Mto ulikuwa wangu, matete yangu, kovu langu. Nilimpa sufuria, unga na maji, naye akanipakulia ugali, nikamshukuru kwa mapishi.

Lakini kabla ya hapo, picha ilipokuja, shangazi yako aliitazama, akaosha mikono, akaichukua simu na kuibusu. Akasema ana paji la uso la baba. Mimi niliona mzee yeyote. Lakini sikutaka kuwa mtu wa kumwambia hivyo.

Alhamisi iliyofuata nilisimama kushuhudia. Ulikuwepo. Ulisikia nilivyomtaja Tarsisi kwa jina, nikasema huyu ndiye mdomo ambao Mungu aliutumia, huyu aliyenizikia mke, leo amenifufulia ndugu. Watu walimgeukia. Akainamisha kichwa, kisha akapiga makofi pamoja na wote, na wimbo ulipoanza, ni yeye aliyeuanzisha.

Siku chache baadaye Yohana akaniambia tutaonana na Ezekieli kwa video, kikundi kizima kikiwepo, lakini ili waniunganishe nitapokea namba ya tarakimu sita kwenye simu, niwasomee. Nikawasomea. Simu ikanitoa nje ya mazungumzo yangu mwenyewe, na sikuweza kurudi. Nilikuambia simu imeharibika. Haikuharibika. Kuanzia jioni ile mtu mwingine alikuwa anaandika kwa jina langu, na watu wa chumba chetu walikuwa wanamjibu.

Nikaipeleka kwa yule fundi wa simu pale Musaga mabasi yanapogeuzia. Alisikiliza nusu ya maelezo akaanza kucheka, si kwa ubaya.

"We mzee, nyinyi batu ya sala munanilisha," akasema. "Banakusanya namba yenu sawa vile munakusanyaka sadaka. Wa kwanza alikuwa rafiki yako ule wa Kanyosha, mwenye koti ya kijani. Alikuja mbele ya mvua kuanza."

Nikamuuliza kama ana hakika.

"Mi ndiye nilimuuzia laini mupya. Akanibembeleza nisiambie mutu. Na we hakukuambia?"

Mvua ilikuwa imeanza zamani kabla ya ushuhuda wangu. Ile Alhamisi nilipomtaja na kumwinua mbele za watu, Tarsisi alikuwa na laini mpya mfukoni, na alijua kwamba aliyeniandikia hakuwa yeye.

Nilikwenda Kanyosha kwa miguu ili nisifike na hasira. Nilifika nayo. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba anapukuchua maharage. Aliponiona uso hakunisalimia. Alisogeza kiti, nami sikukikalia. Nikamuuliza kama alijua simu yake imechukuliwa. Alijua. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza nilipolitaja jina lake.

Akachagua maharage yaliyotobolewa na wadudu. Kisha akanieleza. Unakumbuka kabla yangu yeye alishuhudia kwamba mwanawe wa Kanada, aliyenyamaza miaka, amempelekea habari. Habari zile zilitoka kwa watu hao hao, kwa njia hiyo hiyo. Angesema simu imeibiwa, watu wangeuliza tangu lini, na wangehesabu, na wangejua mwanawe bado amenyamaza.

"Na mimi?" nikasema. "Ulinisikia nimesimama pale."

"Nilikusikia, Mwalimu. Nikasema moyoni, pengine ya kwako ni ya kweli. Mungu alishawahi kutumia punda. Atashindwaje kutumia simu ya wizi?"

Hakuwa anatania. Nilimtazama nikaona alikuwa ameliamini hilo, au alikuwa amelishika kwa nguvu kama mtu anavyoshika kamba asijue imefungwa wapi. Mkewe akaniletea maji kwenye kikombe. Tangu tulipokuwa vijana sijawahi kukataa maji ya nyumba ile. Siku hiyo niliyaacha juu ya ukuta nikaondoka.

Nimeibiwa mara nyingi maishani mwangu. Nimeibiwa baiskeli, mbegu, na shamba la babu yako na kijito kinachopita katikati yake. Mwizi hanisumbui usiku, kwa sababu mwizi hanijui. Linaloniuma ni makofi ya Tarsisi. Alijua naanguka, akanipigia makofi ili asionekane ni yeye peke yake asiyeshangilia.

Ningependa barua hii iishie hapo, mimi nikiwa niliyetendewa. Lakini baada ya siku ile zimepita Alhamisi kadhaa, nami nimekwenda, nimeketi kwenye benchi moja na Tarsisi, tumesalimiana Bwana asifiwe, Amina, na sikusema neno. Mama Jovita alinikonyeza akasema amepata ujumbe wangu mzuri kuhusu kikundi cha Tabora, atawajibu. Nikamwambia asubiri kwanza, mtandao ni mbovu. Mtandao ni mbovu! Hilo tu ndilo nililoweza kumwambia mwanamke aliyenipa kigoda. Nilikuwa naogopa yale yale aliyoyaogopa Tarsisi: kwamba mwalimu mzima, msomaji wa vitabu, ametapeliwa kama mtoto, na kwamba ushuhuda uliotoka haurudi. Na zaidi ya hapo nilimwona shangazi yako. Ameanza kuimba akifua. Anakula. Anataja jina la Ezekieli kwa wakati uliopo.

Nilijipa moyo kwamba ikiwa Yohana amepata alichotaka kwangu, atatuacha. Mchana huu ukikunja nguo zako ndipo uliponiambia, kama jambo dogo la kufurahisha, kwamba ulimwandikia mwenyewe, kwa namba uliyoinakili kwenye simu yangu, ukampa siku ya safari, jina la basi na picha yako ili wakutambue. Kimya changu kilikuwa kinakwenda kukushusha kwenye stendi usiyoijua, mikononi mwa mtu mwingine anayesema, nipe huyo mtoto.

Sikukatazi kusali na watu. Usinielewe hivyo, na usije ukafika Dodoma ukajifungia na Biblia yako na simu. Ukae peke yako miezi miwili, ndipo utakapokuwa rahisi kuchukuliwa na yeyote anayekuita dada. Kikundi utakipata. Lakini kitafute kama tulivyokitafuta sisi, kwa miguu, mchana, uone nani anafagia ukumbi na nani anamkemea nani. Waulize wenzako wa chuo wanakosali, uende na mmoja wao. Ukiona namba kwenye ukurasa au kwenye bango, itumie kuuliza saa ya ibada na mahali, basi. Siku ya kufika, chumba unacholala na mtu unayemlilia si mambo ya kumpa asiyewahi kukuona. Watu wa kweli hawatakuwa na haraka nayo. Watakupa kigoda kwanza.

Na haja zako zitaje, kwa sababu moyo unaofungwa sana hunuka. Ila bakiza kitu. Ningeweza kusema, nina ndugu niliyempoteza nikiwa mtoto, nikaishia hapo. Mungu alikuwepo mtoni, kovu analijua. Ningelibakiza, leo ningekuwa na swali moja la kumuuliza Yohana, na swali hilo moja lingetutosha. Mtu akikuletea habari kubwa, hata akiwa na jina la mtu unayempenda, mpigie huyo mtu, usikie sauti yake na kuku wake. Na zile namba zinazoingia kwenye simu ni ufunguo wa nyumba. Hakuna sala duniani inayozihitaji.

Mfungie huyo Yohana leo, kabla hujalala. Usimtukane, usimuulize kwa nini. Nilijaribu kumuuliza kwa simu ya fundi. Alinijibu, "Ubarikiwe, mzee."

Utaniuliza kama bado nitakwenda Kanyosha. Nitakwenda Alhamisi hii, na nitaomba nafasi ya ushuhuda, na nitasema kwamba ule niliousema haukuwa wa kweli. Sijui kama kuna wimbo wa kuimba baada ya maneno hayo. Nitawaambia wafute ile namba mlangoni. Ya Tarsisi nitamwachia Tarsisi aseme mwenyewe. Sijamsamehe, na sitakudanganya kwamba nimekaribia. Lakini sitayasema ya nyumba yake kwa mdomo wangu. Labda ni kwa ajili ya ule mkeka wake wa Katumba, labda ni kwa sababu sasa najua jinsi kunyamaza kulivyo rahisi.

Kabla ya Alhamisi, hata hivyo, kuna jioni hii. Nilianza kuandika nikidhani nitaipitisha barua chini ya mlango wako usiku huu, uisome peke yako, nami nibaki na shangazi yako nikitafuta siku njema ya kumwambia. Hakuna siku njema. Na wewe ukiondoka na siri hii, utakuwa mtu wa tatu, baada ya Tarsisi na mimi, wa kumpigia makofi mtu anayeanguka.

Amemshonea Ezekieli shati, kumbe. Ameniambia sasa hivi alipogonga kuomba mkasi. Alinipima mabega mimi juzi, akasema ni kwa kujifurahisha tu, na leo shati liko chini kabisa ya mfuko wako, limekunjwa ndani ya kanga, la mzee wa umri wangu. Amemshonea mtu ambaye mara ya mwisho alimwona akiwa mtoto wa mgongoni, akakisia tu kwa mabega yangu.

Nikimaliza ukurasa huu nitafungua mlango, nitawaita nyote wawili, niwasomee tangu mwanzo bila kuruka neno, hata lile la mtu mrefu. Kwa miaka yote hii amekuwa akijilaumu kwa mtoto aliyemtoa mgongoni. Leo ni mimi nitakayemtoa, na yeye hana kosa.

Sijui atafanya nini. Anaweza kupiga kelele, anaweza kunyamaza, na huo unyamavu ndio ninaouogopa. Nitakapoanza kusoma, mwanangu, usije kukaa karibu nami. Kaa upande wake.

Baba yako.